Mmoja Akisamehe

"Kahawa yenu ipoe," alisema Bi Shaikha kutoka nyuma ya dirisha la chumba cha wanawake. "Ipoe, imwagwe, na finjani zioshwe. Neno langu ni lile lile."

Wanaume waliokaa barazani wakainamisha vichwa. Walikuwa wazee wa watu, wengine wametoka Sur, wengine Nizwa, wamefunga vilemba vyao na bakora wamezilaza ubavuni. Kila mmoja alikuwa amepokea finjani yake akaiweka chini mbele ya goti, bila ya kuionja. Ndiyo desturi: mgeni aliyekuja na haja kubwa hanywi kahawa ya mwenyeji mpaka haja yake ikubaliwe, na mwenyeji mwenye haya hakubali kahawa ya wageni ipoe. Bi Shaikha alikubali. Alisema haya yake aliizika siku moja na mumewe, na watu wa mji wao, Ibra, walimwamini.

Na haja yenyewe, msomaji wangu, haikuwa ya kuazimwa gari. Ilikuwa roho ya mtu. Roho ya Adil.

Adil alihukumiwa kufa kwa kumwua Soud, mume wa Bi Shaikha, ndani ya duka lake la vipuri vya magari kule Bidbid, pale njia ya Ibra na Sur inapoachana na ile ya Nizwa. Kilichobaki ni jambo moja. Asubuhi ya pili yake kadhi angewasimamisha warithi wa marehemu na kuwauliza kwa mara ya mwisho: mnataka kisasi au mnasamehe? Wote wakitaka kisasi, Adil anapigwa risasi. Mmoja tu akisamehe, hata kama wenziwe wanalia damu, kisasi kimeanguka, na mtu anabaki na kifungo chake na uhai wake.

Warithi walikuwa Bi Shaikha, mwanawe wa kiume Harub, na binti yake Hiba. Na hapo kwa Hiba ndipo palipo na moto, kwa sababu Hiba alimpenda Adil. Hebu nisiseme uongo. Alikuwa anampenda bado, na alijichukia kwa hilo kila alipoamka.

Walijuana Adil alipokuwa akiendesha lori la maji ya chupa kutoka Tanuf. Alikuwa akileta maji katika skuli ya wasichana aliyokuwa akisomesha Hiba. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na katoni begani, akasema, "Sori, ticha, naweka wapi hii mizigo?" Hiba akacheka mpaka akafunika uso na shungi. Kwao walisema mwalimu, na Kiswahili chao kilikuwa cha Mji Mkongwe, cha bibi zao. Adil alikuwa mtoto wa Bara, wazazi wake Waarabu wa Tabora, anasema anavyosema. Wiki ya pili akaja na jambo jengine. Alikuwa amesikia Hiba akisema mama yake anatamani papa mkavu kama wa zamani, basi akaendesha gari mpaka Ashkhara kule pwani, safari ya kuvunja mgongo, akarudi na papa anayenuka lori zima. Wenzake Hiba huletewa uturi na bangili, yeye aliletewa papa, na hakuna uturi uliompa raha kama ile harufu.

Soud alikataa posa. Alisema hamtoi binti yake kwa watu wa Bara wasiojulikana asili yao. Adil akaja tena, akakataliwa tena. Halafu ikaja ile siku ya Bidbid. Watu waliingia dukani wakamkuta Soud chini kichwa kimepasuka, na Adil amepiga magoti ameloa damu ya mzee. Harub akala yamini kwamba alimwona kwa macho yake akimpiga mzee kwa spana. Nani angebisha? Mtu amekataliwa posa, ana hasira, ana damu kifuani, na shahidi ni mtoto wa maiti. Hiba mwenyewe hakubisha. Alichoma leso aliyopewa na Adil, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kusomesha na kulala.

Sasa alikuwa ameshika birika la kahawa mle chumbani, na mama yake Adil, Bi Tahira, amekuja kukaa chini miguuni pake.

"Inuka, mama," alisema Hiba. "Usinikalie hapo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hapa panatosha. Sikuja kulia, nimelia mpaka yamekwisha. Nimekuja na salamu."

"Sitaki salamu zake."

"Utazisikia tu, nimezibeba kutoka jela na zimenichosha. Anasema hivi: Mwambie Hiba asinisamehe."

Hiba akamgeukia.

"Anasema, sikumkosea, sasa anisamehe nini? Anataka umwamini, basi. Nikamwambia, we mtoto una wazimu? Bunduki imekuelekea kifuani na wewe unataka kuaminiwa?" Bi Tahira akamshika Hiba ncha ya kanga. "Mimi mama yake sina kiburi hicho. Mwite muuaji, mwite mbwa, mtukane utakavyo. Lakini kesho sema nimesamehe. Neno moja, Hiba. Neno moja na mwanangu yuko hai."

Hiba alitazama pembeni. Mama yake alikuwa amesimama dirishani amewapa mgongo, na mgongo ule ulikuwa unasikiliza.

"Bi Tahira," alisema Bi Shaikha bila ya kugeuka, "mwachie mtoto nguo yake."

Kule barazani, Shekhe Nabhan, mkubwa wa wale wazee, alikuwa hajakata tamaa. Akamgeukia Harub, aliyekaa karibu ya mlango kama mtu anayengoja ruhusa ya kuondoka.

"Na wewe, mwanangu Harub? Wewe ndiye mwanamume katika warithi. Tupe neno."

"Mimi msinihesabu, shekhe," alisema Harub. "Sina haki katika jambo hili. Waulizeni wenye haki."

"Huna haki vipi?" Ami yao, Ghanim, ndugu wa marehemu, alipiga goti lake kwa kiganja. Ghanim alikuwa askari mstaafu, mtu wa hasira na bunduki, na alikuwa amekwisha apa mbele ya msikiti kwamba serikali ikichelewa yeye hatachelewa. "Kila siku msinihesabu, msinihesabu! Shamba la baba yako limekaa, hutaki fungu lako. Duka hutaki. Jambia la baba yako nimekuletea mwenyewe, ukanirudishia. Hata tende za mitende yake huli! Mtoto gani wewe?"

Shekhe Nabhan akatabasamu kwa huruma. Alikuwa mzee mwema, asiye na ubaya na mtu.

"Mwache, Ghanim, ndiyo uchungu huo. Lakini, mwanangu, haki ya Mungu haikataliwi. Tulisoma chuoni, wako wasiorithi: mtumwa harithi, wa dini nyengine harithi, na muuaji hamrithi aliyemwua. Wewe si yeyote katika hao. Chukua chako, mwanangu, na useme neno lako."

Wanaume wengine wakaitikia, ehee, maneno hayo. Hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Lakini Hiba alikuwa akichungulia katika upenyo wa pazia, na alimwona kaka yake akifumba macho, akabana midomo mpaka ikawa myeupe. Alimjua Harub tangu wakilala mkeka mmoja. Harub hakuwa mtu wa zuhudi, wa kujinyima; alikuwa mtu anayependa tende kuliko wali, na hizi za urithi alikuwa hazigusi.

Akaliweka birika chini taratibu.

Wageni waliondoka bila ya kunywa. Alasiri Hiba akamfuata Harub shambani. Jua la Julai lilikuwa kali bado, na mitende ya baba yao ilikuwa imeinama kwa tende zilizoiva ambazo vibarua walikuwa hawajamaliza kuziangua. Harub alikuwa amekaa ukingoni mwa falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, miguu ndani ya maji, kanzu ameikunja magotini.

Hiba akachuma tende kwenye kole la chini, akaisuuza, akamnyooshea.

"Kula."

"Nimefunga."

"Hukufunga. Umekula wali na samaki mchana mbele ya macho yangu. Kula moja tu, kaka, nikuone."

Harub akaitazama ile tende. Akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Hiba, niache."

"Kula nijue umenidanganya au nimejidanganya mwenyewe. Kula, wallahi nitakuomba radhi hapa hapa na nitakubusu mguu."

Hakula. Maji ya falaji yakapita, na yeye akainamisha kichwa mpaka kofia ikamwanguka.

"Mungu wangu," alisema Hiba. "Ni wewe."

"Usiseme kwa nguvu."

"Umeweza kula yamini, tende ikushinde?"

"Yamini niliila mara moja," alisema Harub. "Hizi ningekula kila siku."

Ah, jamani! Wapo watu wanaomwogopa Mungu kwa kitu kidogo ili wapate kumsahau kwa kikubwa, na Harub alikuwa mmoja wao. Hiba alitaka kumpiga. Akainua mkono kabisa. Kisha akakaa chini kwenye tope, buibui na kila kitu.

"Niambie yote," alisema. "Na usiruke kitu."

Harub akasema, akiyatazama maji. "Adil alikuja dukani kukuposa tena. Baba akamtukania mama yake. Adil hakujibu, alisema 'asante, mzee', akatoka. Mimi nilikuwa nafungua gurudumu pale mlangoni. Nikasema, Baba, mpe Hiba anayemtaka. Neno hilo tu, Hiba, sikuongeza. Akavua kiatu akanipiga nacho mdomoni, na wale wauza chai wa mkabala wanachungulia. Akasema, wewe ndiye uliyestahili kuzaliwa mwanamke, nami nimechoka kukutazama. Unajua alivyokuwa. Umri wangu wote amenipiga mbele za watu."

"Endelea."

"Spana ilikuwa mkononi mwangu. Sikuiokota mahala, ilikuwa mkononi tayari."

Akaitoa miguu majini.

"Adil alisikia kishindo akarudi mbio. Akamwinua, anamwita, 'Mzee! Mzee!' Watu wakaingia wakamkuta yeye na damu, na mimi nimesimama ukutani. Mtu mmoja akaniuliza, 'Ni huyu?' Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa tu. Halafu polisi wakaniuliza kile kichwa kilikuwa na maana gani, na ningesema nini?"

"Ungesema ni mimi."

"Wewe ungeweza?"

Kilichomkata Hiba maini si spana. Kilichomkata ni kwamba kaka yake, mwoga kuliko waoga wote, aliwahi kuwa shujaa mara moja tu maishani, na siku hiyo moja alikuwa anamtetea yeye.

"Kaka," alisema, akamshika mkono. "Nisikilize. Kesho sema kweli. Mimi ni mrithi, nitakusamehe papo hapo. Nikisamehe mimi, hakuna wa kukuua. Utafungwa, nitakuletea chakula, nitakuletea nguo, nitakungoja mpaka utoke."

"Na Ami Ghanim? Yeye atamngoja kadhi?"

"Utakuwa ndani, hakufikii."

"Nitatoka siku moja. Na mama je? Apite sokoni aambiwe, ndiye huyu, mwanawe alimpasua babake kichwa?" Harub akaanza kulia, kilio cha kitoto, pua na macho. "Wewe msamehe Adil kesho. Msamehe tu! Atakaa jela miaka yake, atatoka. Wote tutakuwa hai."

"Atatoka akiitwa muuaji."

"Atakuwa hai, Hiba!"

Hata mama yake Adil mwenyewe alikuwa ameomba hivyo hivyo. Hiba akalikumbuka hilo, akauachia mkono wa kaka yake. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya mitende kama mgonjwa aliyetoka kitandani mapema. Neno la kuokoa roho alikuwa nalo. Lakini neno hilo hilo, likitoka, lingemfunga Adil jina la muuaji mpaka kaburini, kwa sahihi ya Hiba mwenyewe. Ndiyo maana Adil alituma salamu zile. Kumbe hakuwa na wazimu.

Bi Shaikha alikuwa amekwisha sali magharibi, amekaa juu ya msala akivuta tasbihi. Hiba akafunga mlango.

"Mama, Adil hakumwua baba."

Tasbihi ikaendelea.

"Mama, ni Harub. Ameniambia mwenyewe."

"Punguza sauti, mjakazi yuko jikoni." Bi Shaikha akahesabu punje nyengine. "Nani amekwambia mimi sijui?"

Hiba akaegemea kabati.

"Kanzu yake niliifua mimi," alisema mama yake. "Damu ilikuwa imeruka mkononi mpaka kwenye kwapa. Mtu aliyesimama ukutani harukiwi na damu hivyo. Niliifua, nikaichoma, nikakaa eda."

"Na kila siku unalia kisasi! Wazee wazima wameacha kahawa, umewafukuza!"

"Ndiyo. Adil akiwa hai, iko siku atatoka, na atazungumza, na watu wataanza kufikiri. Akifa, mambo yamekwisha." Akanyanyua uso. Hakuwa anaonekana mkatili. Alikuwa anaonekana amechoka, na hilo ndilo lililomtisha Hiba zaidi. "Mume nimekwisha mpoteza, Hiba. Alikuwa mkali, nilimvumilia, Mungu amrehemu. Mwanangu sitoi."

"Na Bi Tahira? Adil si mwana wa mtu?"

"Ni mwana wa Tahira. Tahira alie. Mimi nimekwisha lia."

"Nitasema kesho."

"Mwanangu." Bi Shaikha akaondoka juu ya msala, akamjia, akamshika mashavu kwa mikono miwili yenye harufu ya uturi, mikono ile ile iliyomlea. "Ukimsamehe yule kijana, nitakasirika, yatapita. Moyo wako naujua, uliupeleka Tabora kabla ya kuniuliza. Lakini ukimtaja Harub, huna radhi zangu. Nikiugua usije. Nikifa usinioshe. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Kalale."

Nani alilala?

Asubuhi gari ya Ghanim iliwapeleka mahakamani Nizwa. Bidbid walipopita, duka lilikuwa limefungwa na kufuli limeota kutu, na ndani ya gari hakuna aliyegeuza shingo. Harub alikaa mbele. Hiba alikaa nyuma na mama yake, magoti yao yakigusana kila gari ilipokata kona.

Adil aliingizwa na askari wawili. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa zimeingia mvi juu ya masikio. Yale macho tu ndiyo yaliyokuwa yale. Yalimtafuta Hiba miongoni mwa mabuibui yote, yakampata, yakatulia. Hayakumsihi. Hiba alitamani kuvuka ile sakafu amguse mkono tu, mkono mmoja, kisha dunia ifanye itakavyo.

Kadhi alianza na mjane. Bi Shaikha akasimama imara.

"Muuaji wa mume wangu simsamehe," alisema, na kila mtu alimsikia. "Simsamehe duniani wala akhera, wallahi, wabillahi, watallahi. Nataka kisasi."

Kwenye benchi la nyuma Bi Tahira alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano.

"Harub bin Soud?"

"Mimi msinihesabu, kadhi."

"Hiba binti Soud. Unataka kisasi au unasamehe?"

Akasimama. Mama yake alimshika buibui, akaachia. Adil alitikisa kichwa kidogo sana, na Hiba alielewa: usinisamehe.

"Huyu simsamehe," alisema Hiba.

Bi Tahira akapiga ukelele. Watu wakavutana. Bi Shaikha akafumba macho na kushusha pumzi, na hapo Hiba akajua kwamba mama yake alikuwa anamshukuru Mungu.

"Simsamehe kwa sababu hakunikosea," aliendelea Hiba. "Sina haki kwake. Haki yangu iko kwa mwengine. Kadhi, muulize kaka yangu kwa nini kila siku anasema asihesabiwe katika warithi. Muulize ni nani asiyemrithi maiti."

Shekhe Nabhan, aliyekaa upande wa Adil, akafungua mdomo polepole, na uso ukamsawijika alipoyakumbuka maneno yake mwenyewe.

Kadhi akamgeukia Harub. Akamtazama. Harub alishika benchi, akapiga magoti.

"Ni mimi," alisema. "Adil alikuwa ameondoka. Ni mimi, nilikula yamini ya uongo, ni mimi."

Ghanim aliruka viti viwili kabla askari hawajamkamata. Ilibidi wawe wanne kumtoa nje, na sauti yake ilisikika mpaka uwanjani akimwita ndugu yake marehemu kwa jina. Kadhi akagonga meza. Akamrudia mjane, akaanza kwa upole: "Bi Shaikha, umeapa sasa hivi mbele yangu kwamba muuaji wa mumeo—"

"Nimesamehe!"

"Bibi, sijamaliza—"

"Nimesamehe! Nimesamehe, kadhi, andika! Mimi mjane wake nimesamehe, nitafunga kafara ya kile kiapo, nitalisha maskini, andika nimesamehe!" Ushungi ulikuwa umemwanguka kichwani na hakujali. Alikwenda kumkumbatia Harub pale chini, anamfunika na nguo zake kama bunduki zilikuwa zimekwisha inuliwa.

Bi Tahira alikuwa amesimama. Hakukimbilia kwa mwanawe. Alimtazama Bi Shaikha kwa muda, machozi yakimshuka, na hakuonekana na hasira.

"Kumbe lilikuwa jepesi hivyo, Shaikha," alisema. "Mimi nimekaa chini miguuni penu nikidhani ni neno zito."

Bi Shaikha hakumtazama yeye wala Hiba. Walipomchukua Harub alimfuata mpaka mlangoni, kisha akatoka kwa mlango mwengine, na Hiba alisikia gari ikiwashwa na kuondoka bila yeye.

Adil hakuachiwa siku hiyo. Kadhi alisema arudishwe jela mpaka shauri liangaliwe upya, lakini askari walimfungua pingu ya mkono mmoja, na mmoja wao alimpa maji. Walipompitisha kwenye ukumbi Hiba alikuwa hapo, ameegemea ukuta, hana mama wala pa kurudi. Askari wakasita. Walikuwa binadamu.

Walitazamana. Miaka yote ile Hiba alikuwa amesahau kwamba Adil alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi.

"Nimesema, Adil," alisema.

"Nimesikia." Alimtazama kwa upendo, na huo ndio ukweli, upendo wote ulikuwapo bado. "Umejua lini?"

"Jana."

Adil akaitikia kwa kichwa.

"Na kabla ya jana?" aliuliza. "Kabla ya jana, Hiba, uliniona mimi nani?"

Hiba alifungua mdomo. Askari mmoja akakohoa, akasema yalla, twende, na Adil akageuka akaenda nao. Alikuwa bado anangoja jibu, maana alikwenda akitazama nyuma mpaka walipokata kona.